Radhi za Maiti

Bassam wa Khalaf hakufa. Nalisema mapema kwa sababu Ibra nzima, mji wetu huku Oman, walisema kafa, wakala mpaka wali wa matanga yake, na wengine hadi leo wanaona yeye ndiye aliyewakosea kwa kuwa hai.

Kosa lilianza kwa Bi Huwaida, jirani wa ukuta mmoja na mama yake Bassam. Alikuwa jikoni kwake baada ya Adhuhuri, simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari, ikaingia video kutoka kwa binamu yake wa Sur. Mwanamume mwenye ndevu zilizochanganya mvi kalala kitanda cha hospitali, mipira puani, shuka nyeupe mpaka kifuani. Mkono wake umeshikwa na mwanamke wa kizungu, lakini macho yake yako kwengine, na anasema kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha mjini Unguja: "Mama, nipe radhi zako. Nakufa, mama. Nipe radhi." Kisha mashine inatoa mlio mmoja mrefu, na video inakatika.

Bi Huwaida alimtambua pale pale. Ni yule Bassam, mtoto wa Bi Mwanaheri, aliyepelekwa Kanada akiwa kijana kusomea uhandisi wa mafuta, akaenda moja kwa moja. Hakujiuliza nani aliyesimama na kamera wakati mtu anakata roho. Siku hizi watu wanapiga picha hata kaburini. Na isitoshe, nani atafanya mzaha na radhi? Mtu atasema uongo juu ya umri, juu ya mahari, hata juu ya saumu yake. Radhi ya mama haichezewi. Akaandika "Inna lillahi" chini ya video, akaituma kwa kila mwanamke wetu aliyemjua kutoka Ibra hadi Nizwa, kisha akavaa abaya yake akatoka.

Bi Mwanaheri alikuwa kakaa chini anachambua mchele pamoja na Kudura, msichana wa Tanga aliyekuwa akimsaidia kazi za nyumba. Wanawake waliingia watatu watatu bila ya kupiga hodi, vichwa chini, na Bi Huwaida ndiye aliyefungua kinywa.

"Makiwa, Bi Mwanaheri."

Jawabu ya makiwa ni "tunayo", kila mtoto wa Unguja anaijua. Bi Mwanaheri hakuitoa. Aliushika ungo kwa mikono miwili akauliza, "Ya nani?"

Wakamwambia.

Hakupiga kelele. Aliuweka ungo chini polepole mchele usimwagike, akasogea mpaka ukutani, akaegemea. Kudura alikimbilia maji. Wanawake wakakaa kumzunguka, mmoja akaanza kumsomea Yasini, na nje sauti za magari zikaanza kusikika, maana Marzouq, mume wa bintiye na wote wakikaa nyumba moja, alikuwa keshapigiwa simu na keshafungua sabla, ukumbi wa wageni wanaume. Mambo haya kwetu hayangoji. Kabla ya Laasiri mbuzi walikuwa wameshachinjwa.

Sasa chumba kizima kilijua jambo moja ambalo hakuna aliyetaka kulitamka. Kwa miaka mingi Bi Mwanaheri hakuwa akisema na mwanawe huyu. Simu yake hakuipokea, salamu zake hakuzijibu. Watu wakidhani ni kwa ajili ya kule kuacha uhandisi akawa mchezaji wa televisheni. Wala. Uchezaji, ambao siku hiyo hakuna hata mmoja aliyeukumbuka, ulimuudhi tu, kama mtu anavyoudhiwa na mkwe mvivu. Lililomchoma ni pasi ya kusafiria.

Mzee Khalaf, mumewe, alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne na nguo alizovaa. Alikaa nchi za watu bila ya karatasi yoyote, mtu wa kuulizwa na kila askari, mpaka aliporudi Oman na kupewa pasi yake ya kwanza. Aliifunga kwa kitambaa cha hariri akaiweka pamoja na msahafu. Na Bassam, alipotaka uraia wa Kanada, ilimbidi arudishe ya Oman, maana Oman haikubali mtu awe na mbili, akairudisha, na hakumwambia mtu. Mzee Khalaf aliambiwa na kijana mmoja nyuma ya meza, siku alipokwenda kufuatilia karatasi za shamba lake la mitende: huyu mwanao, mzee, si Muomani tena. Aliambiwa mbele ya foleni. Alirudi nyumbani hakula, na mwaka haukwisha akafariki. Bi Mwanaheri akasema basi, mimi na yeye basi.

"Mwanaheri," Bi Huwaida alisema, na machozi yake yalikuwa ya kweli, huyu mama si mbaya, ana haraka tu. "Kakuomba kwa kinywa chake. Wote tumemsikia. Usimwache akaenda na deni hilo. Mpe radhi apumzike."

Wengine wakamuunga mkono. Mpe, bibi. Maiti hana kinyongo tena. Bi Mwanaheri akautazama mchele wake. Kisha akasema, na sauti ilitoka kavu:

"Nimemuwia radhi. Duniani na akhera. Mungu naye amuwie radhi."

Hapo ndipo chumba kilipolia. Na yeye alilia, akajipiga mapaja, akasema mwanangu kafa mikononi mwa watu wasiojua hata kumfumba macho. Kudura, ambaye hajamuona Bassam maisha yake, alilia kuliko wote.

* * *

Fawziya, bintiye Bi Mwanaheri, ni mwalimu mkuu. Siku hiyo alikuwa Bidiya kwenye mkutano wa walimu, simu ndani ya mkoba, mkoba ndani ya gari. Alipotoka akakuta simu imejaa rambirambi. Akaitazama ile video mara moja tu na damu ikamrudi mwilini. Kitanda kile alikijua. Alikuwa akiufuata kwa siri kwa muda mrefu musalsali wa kaka yake, tamthilia ya televisheni ya huko Kanada, usiku mume akilala, na alijua kwamba yule mgonjwa anayechezwa na kaka yake lazima atakufa mwisho wa msimu. Aliendesha kutoka Bidiya hadi Ibra akicheka na kulia, na akiomba mama asiwe ameambiwa.

Mitaa imejaa magari. Mumewe Marzouq kasimama mlango wa sabla, anapeana mikono na kupokea pole, "adhama Allahu ajrakum, adhama Allahu ajrakum," na harufu ya wali wa nyama imetanda. Fawziya akamvuta pembeni akamnong'oneza. Marzouq ni mtu wa heshima zake, muajiriwa wa serikali, hajapata kuchekwa. Alimtazama mkewe, akatazama sinia zilizokuwa zikiingizwa.

"Subiri basi wale kwanza," akasema.

"Marzouq, mtu yuko hai."

"Najua. Lakini wali uko tayari."

Hakuwa na budi, aliingia akasema. Sheikh Hud, aliyekuwa anataka kuwapanga watu kwa sala ya ghaibu, ile ya kumsalia maiti aliye mbali, baada ya Magharibi, alisema alhamdulillahi na akaimaanisha. Wengine walisema alhamdulillahi kwa uso mwengine kabisa. Mzee mmoja aliyetoka Tiwi, mbali huko pwani, kwa gari ya kukodi aliuliza kwa sauti, sasa yeye kaja kufanya nini? Wakamkaribisha sinia. Wali wakaula, ndiyo, lakini waliula kimya, na Marzouq akawa anamimina kahawa macho kayainamisha mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka.

Upande wa wanawake ulikuwa mgumu zaidi, maana Bi Huwaida alikataa. Alisema kamuona kwa macho yake mawili, mashine imelia. Fawziya akaona maneno hayatoshi, akapiga simu ya video, akaigeuza ili chumba kizima kione. Kanada ilikuwa asubuhi. Maiti akatokea na fulana ya kulalia, mswaki mdomoni.

Kwake yeye kilichotokea kwenye simu ni chumba kilichojaa wanawake wenye nguo nyeusi, macho mekundu, msahafu wazi, ndani ya nyumba ya mama yake. Mswaki ukamdondoka.

"Fawziya! Mama kafa?" Akawa analia hapo hapo, povu la dawa ya meno kidevuni. "Mama kafa? Sikuwahi, wallahi sikuwahi. Fawziya, nambie!"

Bi Mwanaheri aliisikia sauti hiyo, ambayo hakuisikia tangu mumewe azikwe. Akajifunika uso kwa mtandio, akageukia ukuta.

"Mwambie sijafa," alimwambia Fawziya. "Kisha kata."

Simu ikakatwa. Wanawake wakatafuta viatu vyao. Wawili watatu wakacheka mlangoni, maana kicheko ukikibana sana kinatokea penginepo. Bi Huwaida, aliyeaibika kuliko wote, alitaka angalau aondoke na kheri moja.

"Basi hata hivyo, Mwanaheri, lipo jema. Radhi ushatoa. Radhi ikishatoka hairudi."

"Nimempa maiti," Bi Mwanaheri akajibu. "Maiti hayupo. Kitu kisicho na mwenyewe hurudi kilikotoka."

* * *

Bassam akakata tiketi. Dada yake alimwambia ngoja kwanza mambo yapoe, akasema yamepoa miaka yote hiyo na ndivyo yalivyoharibika. Uwanja wa ndege wa Maskati alisimama foleni ya wageni, pasi ya Kanada mkononi, akapigwa muhuri wa mtalii na kuambiwa karibu Oman. Shatha, binti wa Fawziya anayesoma chuo, ndiye aliyekwenda kumpokea.

Shatha anakisema Kiswahili kama mtu anayetembea na viatu vya mwenzake. "Khali," alimwambia mjomba wake, wakiwa njiani, "mimi niliona wewe unakufa. Kufa yako ilikuwa nzuri sana, wallah. Mimi nililia."

Bassam akacheka mpaka akashika dirisha. Alisema hakuna gazeti lililopata kumsifu namna hiyo. Mtoto alipomdadisi, Bassam akamwambia yote bila ya kujipamba. Kwamba aliacha uhandisi mwaka wa pili. Kwamba kwa miaka alikuwa dereva wa teksi kwenye televisheni na mpakuzi wa mizigo ghalani kwenye maisha yake ya kweli. Akicheza muuza duka, akicheza gaidi, akicheza muuza duka anayedhaniwa gaidi. Aliwahi kusafiri siku nzima kwenye theluji kwenda kuwa maiti chini ya shuka, uso hata haukuonekana. Hakupata mtu mwenye jina mpaka huyu mgonjwa wa musalsali. Huyu alipendwa, akabakishwa, akaandikiwa maneno. Watu wakimsimamisha barabarani.

"Na sasa yeye amekufa," Shatha akasema.

"Kafa. Na mie sina kazi."

"Utafanya kitu gani?"

"Nitakwenda kugonga milango tena. Ndiyo kazi yenyewe, mwanangu. Hiyo nyengine unayoiona ni siku ya mshahara."

Nyumbani Marzouq alimpokea vizuri, akamwingiza sablani, akamkalisha, akamtolea rai ya kiutu uzima. Mama mwambie unaacha uchezaji, alisema. Mwambie utaomba uraia urudi. Ukisharudi kwako, nani atakwenda kukuangalia? Yeye atapoa, wewe utapata radhi zako, na sisi tutaweza kwenda msikitini bila ya kuulizwa maiti wenu hajambo.

Bassam aliyasikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika.

"Siachi, shemegi. Na kudanganya siwezi," akasema. "Radhi za uongo nimeshapewa mara moja. Sizitaki tena."

Akanyanyuka akenda mlango wa chumba cha mama yake. Mlango ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Akasimama nje.

"Shikamoo, mama."

Ndani kimya. Kiti kikalia kidogo, mtu kajigeuza. Atakayesema kimya si tusi, hajapata kusalimia mkubwa wake asijibiwe. Bassam alingoja, akasema tena, akangoja, kisha akakaa chini pale pale ukumbini na begi lake.

Alikaa hivyo siku baada ya siku. Asubuhi shikamoo, baada ya Magharibi shikamoo, na mlango usijibu. Mchana watu wakaja kumtazama. Watoto wa mtaa wakimwita Marehemu, na yeye akiitika naam. Aflah, mwenye duka la pembeni, hakutaka kumkopesha sigara kwa hoja kwamba deni la maiti hulipwa na warithi, akacheka peke yake mpaka kikohozi. Wanawake waliokuja matangani waliingia kwa Fawziya kwa visingizio, mmoja akamminya Bassam bega kwa kidole aone kama ni nyama. Aliyavumilia yote. Mtu aliyefunikwa shuka na kuambiwa usipumue anajua kungoja.

Kudura ndiye aliyekuwa akipita baina ya pande mbili. Bi Mwanaheri hakumuulizia mwanawe hata kwa jina. Aliuliza tu, kwa mfano, ile chai imepelekwa kwa watu? Wamekula? Wamekula nini? Mkate wa mofa wameupenda?

"Wameupenda, bibi," Kudura akajibu. "Wamekula miwili. Ila wanakohoa. Sakafu ya baridi."

Jioni hiyo Kudura alitolewa mto na blanketi na kuambiwa awapelekee watu.

* * *

Asubuhi ya Ijumaa, Bassam alipotoa shikamoo yake, mlango haukuitikia, lakini ulifunguliwa. Kudura kauvuta kwa ndani, kisha akapita ubavuni mwake akatoka. Bi Mwanaheri alikuwa kakaa juu ya godoro lake la chini, mgongo wima, mtandio kaufunga kama anayekwenda safari. Mbele yake kile kitambaa cha hariri, kimekunjuliwa, na pasi ya marehemu mumewe juu yake.

"Kaa. Hapo hapo mlangoni."

Akakaa.

"Baba yako hii aliingoja ujana wake wote. Weye yako ukaipeleka ukawarudishia kama sahani ya jirani."

"Nimeirudisha, mama."

"Unajuta?"

Bassam alijua jawabu iliyotakiwa. Maisha yake yote analipwa kusema yaliyotakiwa. "Kuirudisha, sijuti," akasema. "Bila ya ile ya Kanada ningekuwa mgeni wa kibali mpaka leo, na kazi hii nisingeipata. Ninalojuta ni kutomwambia. Niliogopa. Nikamwachia kijana wa mezani amwambie baba yangu mbele ya watu. Hilo nalijutia kila siku, na sina wa kumuomba, keshakwenda."

Bi Mwanaheri alimtazama. Alikuwa kajitayarisha kwa uongo au kwa magoti, na hakuletewa hata kimoja. Alikikunja kitambaa, akakifunga.

"Na lile jengine. Siku ile umelala, mipira puani. Ulikuwa unacheza au ulikuwa unaomba?"

"Karatasi ilisema mgonjwa anakufa, anamwita mama yake kwa lugha yao. Maneno hawakuandika, hawayajui. Mkubwa wa mchezo akanambia sema lolote, hakuna atakayefahamu. Yote mengine nilicheza, mama. Kukohoa nilicheza, kufa nilicheza. Lile sikucheza. Wakasema rudia, taa haikukaa vizuri. Nikakuomba tena. Wakasema rudia. Nikakuomba tena."

"Na yule mama wa kizungu?"

"Alinipapasa mkono. Mtu mwema. Lakini hakujua kama kaombwa kitu. Hakuna aliyekuwa akijua kwamba lile neno lina jawabu."

Bi Mwanaheri akainamisha kichwa. Nje Bi Huwaida alikuwa anafagia uani kwake, na ufagio ulikuwa umesimama sehemu moja kwa muda sasa. Bi Mwanaheri alipandisha sauti kidogo kusudi, asije mtu akasema kasikia nusu.

"Njoo. Lala hapa."

"Mama?"

"Lala, nimekwambia. Kama ulivyolala kule. Uliomba mara zote hizo ukajibiwa na mashine."

Mwanamume mzima akalala chali juu ya godoro la mama yake, mikono kifuani. Mtu ambaye kufa kwake kuliwatoa watu Tiwi kwa gari ya kukodi, safari hii alishindwa. Alianza, akaanza tena, na maneno yakatoka yamevunjika, hayana hata chembe ya ustadi.

"Mama. Nipe radhi zako."

Hakumngojesha. "Nimekuwia radhi, mwanangu. Duniani na akhera. Na kazi yako Mungu akubarikie, maana naona huachi." Mkono wake ulikuwa tayari uko usoni kwake, unamfuta. "Sasa inuka. Za maiti nilimpa maiti. Hizi ni zako weye."

Bassam akainuka akakaa. Huko nje ufagio ulianza tena, wa haraka haraka. Akafanya alilolifanya akiwa mdogo kila akirudi chuoni kusoma Kurani, akaupokea mkono wa mama yake akaubusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akasema Bi Mwanaheri. "Hicho kikohozi umekunywa dawa?"